Siku Nilipomuua Mzee Mstaafu

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa misumari kabla hawajalisoma, nitarudia kwa kifupi. Wenye kumbukumbu mnivumilie.

Mimi ndiye yule mpiga simu. Kazi yangu ni kupiga simu redioni kwa malipo, kwenye kile kipindi cha mjadala cha asubuhi. Mnaposikia wananchi watano wenye hasira wakibishana kuhusu jua, mvua na umeme, watatu kati yao ni mimi. Wawili waliobaki ni Chiriku, dada ninayefanya naye kazi.

Tuko chumba kimoja juu ya duka la matairi. Mlangoni pameandikwa "Ushauri na Mawasiliano". Ndani kuna meza mbili, simu tano zilizobandikwa karatasi za majina, na redio moja ya kujisikilizia uongo wetu. Bosi wetu tunamwita Madamu. Hajawahi kutupandishia sauti hata siku moja, na hana haja, maana sauti zote za chumba kile ni zake.

Kooni mwangu wanaishi watu watatu. Dereva wa Lori huongea nikiwa nimewasha feni karibu na simu, ili mjue yuko barabarani. Mkulima huongelea dirishani, kwa sababu fundi wa matairi anafuga kuku pale chini. Mzee Mstaafu ndiye kipenzi cha wengi. Kwa huyo nakaa kwenye kigoda, naweka peremende chini ya ulimi, na nakohoa mara moja kabla ya kila neno zito.

Kwa miaka miwili tulilipwa na wauza majenereta na dizeli. Kwa hiyo kwa miaka miwili hakuna hata mmoja wa watu wangu aliyeamini kwamba hali ya hewa inabadilika. Dereva alisema joto ni njama ya wauza mafeni. Mkulima alisema mvua haijapungua, kilichozidi ni uvivu. Mzee Mstaafu alikohoa, akasema ameishi na jua hili miaka sabini na nne, ni lile lile, na umeme wa sola ni ujanja wa watu wanaotaka mashamba yetu.

Mimi mwenyewe niliamini nini? Niliamini mwisho wa mwezi.

Wiki iliyopita niliwaacha jikoni kwa mama yangu mzazi, nimeshika daftari nililolikuta nyuma ya redio yake. Ndani, mama alikuwa ameandika kwa tarehe kila alichowahi kusema Mzee Mstaafu. Mimi aliyenizaa, mama hajawahi kuandika neno langu hata moja.

Basi tuendelee na aibu.

Jumatatu Madamu aliingia na biskuti. Madamu akileta biskuti, ujue kuna mtu ataumia.

"Kuanzia leo," alisema, "tunalipenda jua."

Chiriku aliacha kutafuna. "Tangu lini, Madamu?"

"Tangu Ijumaa saa kumi jioni. Wateja wetu wamenunua kampuni ya sola."

"Wauza majenereta?"

"Hao hao."

"Wale waliotulipa tuseme sola inapofusha macho?"

"Hilo halikuwa tamko lao," Madamu alisema. "Hilo alilisema Dereva wa Lori."

Wote wawili wakanitazama mimi. Nikameza biskuti.

Madamu akabandika ratiba ukutani. Watu hawawezi kubadilika wote siku moja, alisema, wasikilizaji si wajinga kiasi hicho. Jumanne Dereva wa Lori ataanza kuwa na mashaka. Jumatano Mkulima atakiri kwamba kisima chake kimekauka. Ijumaa, Mzee Mstaafu atatubu.

"Kwa nini mzee awe wa mwisho?" niliuliza.

"Mzee akigeuka mapema ataitwa kigeugeu. Akigeuka mwisho, ataitwa mwenye hekima. Haya, mazoezi."

Huo ndio utaratibu wetu. Kila Jumatatu tunafanya mazoezi ya simu za wiki nzima, na Madamu anarekodi kwenye simu yake ili akasikilize nyumbani na kusahihisha. Nikakaa kwenye kigoda, nikaweka peremende yangu, nikasoma maneno ya Ijumaa.

Nilifika mstari wa nne nikasita. Mzee Mstaafu alitakiwa aseme: "Nilikosea, wanangu. Ninyi wenye mashamba kwenye kile kilima kinachotazamana na kiwanda cha matofali, msichelewe. Kampuni ikija na mkataba, tieni saini."

"Mbona umesimama?" Madamu aliuliza.

"Peremende imenikwama."

"Rudia. Na ukohoe kabla ya 'tieni saini'."

Nikarudia, nikakohoa. Kile kilima nakijua vizuri kuliko kiganja changu. Mama yangu ana ekari tatu pale. Ndizo zilizomlisha, ndizo zilizonisomesha mpaka nikawa mwongo mwenye cheti. Baba yangu amezikwa kwenye kona ya juu, karibu na mpaka.

Madamu alipotoka, Chiriku akavuta kiti.

"Kaka, mama yako si ana shamba kwenye kile kilima?"

"Anazo ekari tatu. Lakini kampuni ikikodi si watamlipa?"

"Nimepewa kopi hamsini za huo mkataba nizipange. Hebu usome na wewe."

Nikasoma. Kampuni inachukua ardhi kwa miaka thelathini na mitatu. Kampuni inaruhusiwa kuiweka ardhi hiyo rehani benki. Benki ikidai, mwenye shamba hana neno.

"Sasa nitafutie palipoandikwa kwamba ni lazima wafunge sola," Chiriku alisema.

Nikatafuta. Kurasa kumi na moja, za mbele na za nyuma. Hapakuwa na ahadi ya kufunga hata paneli moja ya kuwashia taa ya choo.

"Shamba wanalitakia nini basi?"

"Kuna mfuko mkubwa wa mazingira, unakopesha kwa masharti laini yeyote mwenye ardhi ya kuzalishia umeme wa jua. Wenye mfuko wako mbali, wanachotaka kuona ni ekari kwenye karatasi. Wakiziona, pesa inatoka. Na pesa ikitoka, unadhani itanunua nini?"

"Sola?"

Chiriku alinitazama kwa huruma. "Majenereta, kaka."

Jumanne asubuhi Dereva wa Lori alianza kuwa na mashaka, kama alivyopangiwa. Mchana niliomba ruhusa, nikaenda kwa mama.

Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo, ndoo mbili tupu ziko mlangoni. Kisima chake kilikuwa kimekauka tangu miezi miwili nyuma, akawa anafuata maji bondeni mara tatu kwa siku. Mwanawe kila asubuhi alikuwa anautangazia umma kwamba hakuna kilichobadilika.

"Amekuja wakala hapa," aliniambia kabla hata sijakaa. "Bwana mmoja mwenye tai. Kaniachia makaratasi, yako pale chini ya sinia."

"Mama, usitie saini."

"Nani kakwambia natia?"

"Nasema tu. Nimeusoma huo mkataba, ni mbaya."

Mama aliacha kuchambua. "Umeusomea wapi, na wakati uko chini ya sinia langu?"

"Kazini. Kazini tunaona mambo mengi, mama."

"Hivi kazini kwenu mnafanya nini hasa? Kila nikikuuliza unaniambia mawasiliano. Mawasiliano gani hayo, mbona mimi hunipigii?"

Nikachukua maharage kidogo, nikajifanya nachambua.

"Hata hivyo usiwe na wasiwasi," aliendelea. "Mzee Mstaafu alishasema mambo ya sola ni ujanja, na mimi nimekataa. Siku yeye mwenyewe akisema tutie, nitatia. Mpaka hapo bwana mwenye tai atakunywa chai yangu na kuondoka."

"Mama, huyo mzee wewe humjui."

"Namjua kuliko ninavyokujua wewe. Yule mtu ametumikia serikali miaka thelathini na tisa."

Miaka hiyo niliipanga mimi. Niliacha arobaini kwa sababu ilisikika kama uongo.

"Na siku hizi anakohoa vibaya," mama alisema, akatikisa ungo. "Nadhani hana mtoto. Angekuwa na mtoto angepelekwa hospitali."

Ningemwambia ukweli pale pale. Naapa maneno yalinifika kwenye meno. Lakini mama akanitazama usoni, akasema nimekonda, akainuka kwenda kunitengea chakula, na mimi mtu mzima nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa shuleni. Nikala, nikaaga, nikaondoka na uongo wangu wote ukiwa salama.

Jumatano ilikuwa zamu ya Mkulima. Nikasimama dirishani, kuku wakatoa ushirikiano.

"Mtangazaji," nilisema, "mimi nilikuwa mbishi. Lakini kisima changu kimekauka. Maji tunafuata bondeni, ndoo mbili, mara tatu kwa siku. Anayezibeba ana miaka sitini na nane, na magoti yake..."

Hayo ya magoti hayakuwa kwenye karatasi.

"Mkulima, bado uko hewani?" Mtangazaji aliuliza.

Nilikuwa hewani, machozi yananichuruzika mpaka kwenye simu. Miaka miwili redioni, na ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema kweli. Hata hiyo nilikuwa nimelipwa kuisema.

"Vizuri sana," Madamu alisema nilipokata. "Kilio kimekaa mahali pake."

Usiku ule sikulala, na asiyelala hupata mawazo ya kipumbavu ambayo mwenyewe huyaona ni akili. Nilijiambia hivi: Ijumaa Mzee Mstaafu atasema tieni saini, na mama atatia. Siwezi kumwambia mama ukweli. Siwezi kumkatalia Madamu. Amebaki nani hapo katikati? Amebaki mzee. Na mzee akiwa hayupo?

Alhamisi asubuhi nilinyakua simu ya Mkulima bila kupangiwa, nikasimama dirishani.

"Mtangazaji, nina habari nzito. Nimepigiwa simu na jirani yake Mzee Mstaafu. Mzee wetu hatunaye tena. Amefariki alfajiri ya leo, usingizini."

Kikombe kilimponyoka Chiriku. Redioni nikamsikia Mtangazaji akivuta kamasi.

"Jamani," alisema. "Jamani, wasikilizaji."

Wakaweka muziki wa huzuni. Ulipokwisha, simu zikafunguka, na nchi nzima ikalia. Mwalimu mmoja alisema mzee alikuwa maktaba. Fundi bomba mmoja alisema walisoma pamoja darasa moja, jambo lililonishangaza sana. Mwanamke mwingine alidai mzee alipata kumposa mwaka fulani akamkataa, na leo anajuta.

"Kaka, umefanya nini?" Chiriku alininong'oneza.

"Nimemuua."

"Nimesikia. Sasa Madamu akija?"

Kabla sijajibu, simu yangu ya mfukoni ikalia. Alikuwa mama.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. "Mwanangu, nimefiwa."

"Pole, mama. Lakini... kwani alikuwa nani yako?"

"Alikuwa mtu pekee aliyekuwa ananisemesha kila asubuhi."

Nilitafuta neno la kumwambia, kati ya maneno yote ninayouza, nikakosa.

"Basi mama," nilisema mwishowe, "tushike aliyotuachia. Amekufa akiwa anaipinga sola. Usitie saini."

"Sitatia. Neno lake nitaliheshimu mpaka na mimi nimfuate."

Nikakata simu nikiwa nimeumia na nimefurahi kwa pamoja. Shamba limepona, nilijiambia. Mama atalia siku tatu, atasahau. Nilijiona mjanja wa mjini, nikala biskuti mbili zilizobaki.

Madamu aliingia saa tano. Alivua miwani, akaifuta, akaketi kwenye kigoda cha marehemu.

"Umemuua."

"Ndiyo, Madamu."

"Kwa nini?"

"Alikuwa amechoka."

"Alikuwa na kazi kesho."

"Ndiyo maana alichoka, Madamu."

Chiriku alijifanya anapanga karatasi. Mimi nilikuwa tayari nimeshahesabu vitu vyangu vya kubeba: feni, kikombe, koti. Madamu akavaa miwani yake taratibu, na kitu kikaanza kutokea usoni mwake ambacho sikukipenda. Alikuwa anatabasamu.

"Unajua," alisema, "wiki nzima nilikuwa nafikiria. Mzee akisema tieni saini, kuna mbishi atapiga simu ambishie. Mzee aliye hai hubishiwa. Lakini marehemu nani atambishia?"

"Sijakuelewa, Madamu."

Akatoa simu yake mkobani, akabonyeza. Chumba kikajaa kikohozi changu. *Nilikosea, wanangu. Ninyi wenye mashamba kwenye kile kilima...*

Mazoezi ya Jumatatu. Yote, mpaka na kikohozi kabla ya "tieni saini".

"Huu sasa si ushauri," Madamu alisema. "Huu ni wosia. Alirekodi siku tatu kabla ya kufa, akijua safari imekaribia. Kesho utachezwa kwenye kipindi maalumu cha kumuaga. Wakala atakuwepo pale pale redioni na meza yake, wenye mashamba watatia saini kwa heshima ya marehemu." Akainuka, akanigonga bega. "Miaka miwili nakulipa, kumbe akili ulikuwa umeificha. Nitakuongezea."

Hivi ndivyo nilivyopandishwa cheo kwa kumtupa mama yangu shimoni. Madamu akaichukua simu iliyoandikwa Mzee Mstaafu, akaizima, akaiweka kwenye droo. Mtu akifa, alisema, simu yake haipigi.

Kuanzia dakika ile nikawa nampigia mama. Simu ilikuwa imezimwa. Nikapiga jioni, imezimwa. Nikapiga alfajiri, imezimwa. Umeme ulikuwa umekatika upande wote wa kule, na jenereta la dukani anakochajia lilikuwa bovu. Mwanamke ambaye shamba lake lilikuwa linagombewa na wakubwa wa umeme hakuwa na umeme wa kuchajia simu.

Alhamisi Madamu alinibakiza ofisini mpaka magari ya kule yakaisha; Ijumaa asubuhi nikataka nipande gari nimfuate. Chiriku akanizuia. "Mpaka ufike, kipindi kimekwisha. Na mama yako anapenda redio kuliko kula. Atakuwa kaazima betri mahali, anasikiliza. Subiri kipindi kiishe, ndipo uende ukamweleze. Wakala hawezi kufika kwake leo."

Ilikuwa na mantiki. Tukakaa wawili, tukawasha redio. Madamu alikuwa ameshakwenda kule studio, amevaa nyeusi.

Kipindi kilianza kwa dakika moja ya ukimya. Kisha Mtangazaji akasema marehemu ameacha neno, akaomba wasikilizaji wakae chini. Nikajisikia nikikohoa nchi nzima. Nikajisikia nikisema nilikosea. Nikasikia lile "tieni saini", na lazima niseme, kwa kazi ya mikono yangu, ilitisha.

"Wosia huo, wasikilizaji," Mtangazaji alisema, sauti ikimtetemeka. "Na hapa studio tunao baadhi ya wenye mashamba wa kile kilima, waliokuja kumuaga mzee. Wawili wameshatia saini. Nipo na mama mmoja hapa, ametoka mbali sana. Mama, karibu, salimia wananchi."

"Hamjambo wote," ilisema redio.

Nilisimama, kigoda kikaanguka. Ilikuwa sauti ya mama.

"Mimi sikuwahi kumwona marehemu," mama alisema. "Lakini tulikuwa tunaongea kila siku. Yeye akisema kule, mimi namjibu huku jikoni. Wosia wake nimeusikia. Ulikuwa mgumu kwangu, maana mume wangu yuko kwenye lile shamba. Lakini neno la mtu anayekufa halirudishwi. Nipeni kalamu."

"Kaka," Chiriku alisema. "Kaka, fanya kitu."

Nikaivuta droo. Ilikuwa imefungwa. Nikaipiga teke, ikafunguka, nikaiwasha ile simu.

"Maiti hapigi simu," Chiriku alisema.

"Huyu atapiga."

Ikaita mara moja tu. Redioni nikasikia kiti kikiburuzwa, halafu kitu kama glasi kikivunjika.

"Wasikilizaji," Mtangazaji alisema. "Wasikilizaji, sijui niseme nini. Hii namba ninayoiona hapa... Jamani, mimi nina watoto wadogo."

"Kata hiyo," sauti ya Madamu ilisema kwa mbali.

Lakini Mtangazaji alikosea kitufe, na badala ya kukata akapokea. Nikawa hewani.

Nilikuwa nimepanga kusema kwa sauti ya mzee. Nilikuwa hata nimeshatafuta peremende. Kisha nikasikia karatasi ikifunuliwa, na mama akiuliza, "Hapa ndiyo mahali penyewe?"

"Mama! Weka kalamu chini!"

Sauti ya kuigiza haijui kupiga kelele. Nililigundua pale, nikiwa nimechelewa. Iliyotoka ilikuwa yangu, ile niliyozaliwa nayo, na ilimfikia kila mwenye redio.

Redioni nikasikia kuku wa fundi matairi.

"Kata simu!" Madamu alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipandisha sauti.

"Usikate," mama alisema. Mtangazaji, ambaye amewahi kuwakatia mawaziri katikati ya sentensi, hakukata.

"Nani mwenzangu?" mama aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Wewe nani? Namba wanasema ni ya marehemu. Sauti ni ya mwanangu."

"Mama, kwa huo mkataba wataliweka shamba rehani benki. Hakuna sola itakayofungwa pale..."

"Sijakuuliza mkataba." Alivuta pumzi. Nikamsikia anahesabu kitu kichwani, polepole, asubuhi baada ya asubuhi. "Miaka miwili, baba?"

Nikaiweka peremende mezani.

"Nilikuwa nakuombea upone kikohozi," mama alisema.

Chiriku alikuwa amefunika uso. Pale studio nilimsikia wakala akinong'ona na Madamu akimjibu kwa haraka, huyu mtu ni tapeli, mama, ameiba simu ya marehemu, wosia ni wa mzee mwenyewe, usimsikilize.

"Nyamazeni wote," mama alisema. "Nimevaa nyeusi, nimepanda magari mawili, nimekuja hapa kuzika. Sirudi nyumbani bila kuzika. Kwa hiyo wewe uliye kwenye simu utanijibu, na watu wote wakisikia. Kama yule mzee alikuwa mtu, basi huu ni wosia, na natia saini sasa hivi. Na kama alikuwa ni wewe, shamba langu litapona, lakini kuanzia leo mimi sina mtoto. Sema mwenyewe. Namzika nani?"

Nilisikia ncha ya kalamu ikigonga meza, mara moja, halafu tena. Alikuwa bado ameishika, na alikuwa anasubiri.